Kiganja cha Jirani

Katika jengo lao la Haifa, mlango wa Myahudi ulifunguliwa na kufungwa kwa kiganja cha jirani Mwarabu, na wa Mwarabu kwa kiganja cha jirani Myahudi. Kila mmoja aligusa kibao cha umeme kilichokuwa jikoni kwake.

Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, Tirtsa, Myahudi, alimfungulia jirani yake Mwarabu, Nuha, mlango na kuuacha hivyo, maana Sabato ikishaingia hagusi umeme. Ijumaa hii redio ilitangaza mapigano ya Wayahudi na Waarabu mjini, jua likazama, na mlango wa Nuha ulikuwa bado umefungwa.

“Mama Ilyas, nimesahau,” Tirtsa alimwambia Nuha kutoka nyuma ya ukuta. “Niwie radhi.”

“Miaka yote hujawahi kusahau. Umesahau leo?”

Viatu vilisikika vikipanda ngazi. Wakiwa ni watu wa Tirtsa, Nuha aliwaza, nitanaswa humu kama panya. Basi tunaswe wote. Akabonyeza kibao, na kufuli la Tirtsa likalia, likajifunga.

Papo hapo na la Nuha likalia, mlango wake ukaachia. Tirtsa alikuwa amevunja Sabato.

Nuha akamfungulia haraka, akatoka kumngoja ukumbini, viatu bado vikipanda. Tirtsa hakutoka. Ndani kwake, kitu kizito kilikuwa kikiburutwa kuuziba mlango.