Hari Yako

Muuguzi alimfungua Audace vifungo vya shati, akamlaza kichanga kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga pamoja kwa kitenge cha mkewe, ambaye bado alikuwa katika chumba cha upasuaji.

"Mutoto iko na baridi," alisema. "Umupatie hari yako."

Kwa ulimi wa muuguzi, hali na hari vilikuwa neno moja. Audace, fundi cherehani wa Nyamirambo, alijua hari ni joto. Hali yake yeye ilikuwa hofu tupu, na hiyo hakutaka kumpa mtu.

Mtoto alikuwa baridi kama mkasi wa asubuhi, mdogo kuliko mkono wa koti. Audace akafumba macho. Nje, mvua ilipanda kilima polepole. Kifua chake kikaanza kupata moto chenyewe, bila kuombwa, kama kwamba kilijua kazi ambayo hakuna aliyekifundisha. Kidole chembamba kama uzi kikashika nywele za kifua, kikavuta.

Muuguzi akarudi, akachomoa kipimajoto kwapani mwa mtoto.

"Hali yake?" Audace alinong'ona.

"Hari iko muzuri. Sasa ni wewe unatetemeka, baba."