Pimbi na Waya wa Fuko

Alikuwapo Pimbi, mwoga ajabu. Ukikohoa tu, keshaingia shimoni. Kila asubuhi alipanda kichuguu, mahali pekee penye mtandao, kusoma habari za Kunguru: chui ameamkia wapi.

Siku moja Fuko, fundi wa kuchimba, akaja akilaza waya wa faiba, wa kuleta mtandao hadi ndani ya kila shimo.

"Mzee Pimbi, nikuingizie?"

"Mtaro huo nyoka ataufuata mpaka kitandani kwangu."

Nguchiro, jirani yake, akacheka. "Nyoka gani wa kuenea humo, babu? Mtaa mzima tumeshaingiza. Utabaki peke yako kuparamia kichuguu kama mbuzi."

"Bora mbuzi aliye hai," alisema Pimbi, akaziba mlango kwa jiwe.

Tangu hapo majirani walisoma habari wakiwa wamejilaza. Kichuguuni hakuonekana mtu ila Pimbi.

Asubuhi moja akapanda, akainua simu juu, akangoja. Nyasi nyuma yake zikatikisika, na upepo haukuwapo. Akataka kukimbia, lakini habari ilikuwa ikifunguka, polepole, neno moja moja. Akaona asishuke kabla hajajua njia ipi ni salama.

Ikafunguka yote. Kunguru ameandika: chui yuko kichuguuni.