Jogoo wa Mheshimiwa

Sura ya Kwizera iliingia na barua za Jumatatu. Ilikuwa kwenye karatasi ngumu inayong'aa, imetiwa weusi hadi macho yakawa mashimo, na mstari mwekundu umepita shingoni. Zita, mama yake, aliishika kwa ncha za vidole palepale kibarazani kwao, mtaa wa Riverside.

"Mama, ni siasa tu," Kwizera alisema akicheka. "Yule mzee ananichafua ili watu wasinipigie kura. Hapa Buffalo wote hufanya hivyo. Na mimi nitamtumia yake."

"Usimtumie kitu!"

Mwaka huo wa 2016 Kwizera alikuwa akigombea ubunge wa jimbo la New York, dhidi ya mzee aliyekikalia kiti hicho tangu wao wakiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Ndugu wa Louisville na Columbus walikuwa wakipiga simu kumpongeza, utadhani kijana ameshaapishwa. Zita hakupokea pongezi za mtu. Kaka yake, Athanasi, alitoka kambini akarudi Burundi, akagombea udiwani, na kabla ya kura karatasi yenye picha yake ilibandikwa mlangoni kwake. Kilichofuata Zita hakukisema hata kanisani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa Zita huu haukuwa ung'ongo hata kidogo.

Alimpigia dada yake Dafroza, aliyekuwa Louisville.

"Nenda kamwangukie huyo Mheshimiwa," Dafroza alisema. "Mwambie mtoto ni mjinga, amsamehe. Na usiende hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi."

"Na Kwizera akijua?"

"Atanuna. Heri anune akiwa hai."

Shauri likawa hilo. Kiwandani Tonawanda, Emérence, mwanamke wa Kikongo aliyefanya naye kazi kwenye mashine moja, alimtafutia namba ya nyumbani kwa Mheshimiwa.

"Bon, mama, namba ni hii. Donc utamuambia nini na ile Kingereza yako?"

Zita hakujua. Jioni ile alipiga. Mheshimiwa aliitika mwenyewe, kwa sauti nzito, akauliza ni nani. Maneno yote aliyoyakariri yakamkimbia. Akabaki anahema tu kwenye simu, kisha akakata. Kesho yake akapiga tena, yakawa yale yale. Mara ya tatu mzee hakuuliza tena ni nani. Alifoka, "Unataka nini?" Zita akaitupa simu kitandani kama kaa la moto. Mtu mwenye sauti ile, alijiambia, hashindwi kuua.

Akaona heri aende mwenyewe. Gari la kutoka kazini lilipita karibu na mtaa wa Mheshimiwa. Alishuka, akajifunika kofia ya koti la mvua, akasimama ng'ambo ya barabara kuitazama nyumba, akimwomba Mungu ampe ujasiri wa kuvuka. Hakupewa. Siku ya pili alisimama tena, mvua ikamnyeshea mpaka taa za barabarani zikawaka. Pazia la ghorofani lilifunuka kidogo, likafungwa upesi. Alikuwa ameonekana, na hakuna aliyetoka kumkaribisha. Wakubwa ndivyo walivyo; wanakuacha usimame ujue cheo chako.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alikwenda na jogoo. Alimnunua kwa Wayemeni wanaouza kuku hai, jogoo mwekundu hasa, wa kumheshimu mtu, akamfunga miguu kwa utepe wa kitenge. Mheshimiwa asije akadhani ni wa jirani, aliikata picha ya mzee huyo kutoka kwenye gazeti, akaifunga kwa uzi shingoni mwa jogoo. Alivuka barabara. Akamlaza jogoo mlangoni, akabonyeza kengele.

Ndani mbwa alibweka, na ujasiri wote ukamtoka. Zita alikimbia kama mwizi hadi kituoni, kiatu kimoja mkononi.

Hata hivyo, zawadi ilikuwa imefika. Ikipokewa, aliyepewa hutuma neno. Jumamosi hakuna neno. Jumapili hakuna neno, na kanisani hakusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Labda jogoo mmoja ni dharau. Labda angepeleka wawili.

Jumatatu jioni gari lilifunga breki mbele ya nyumba. Milango yake miwili ikafungwa kwa kishindo, na sauti za wanaume zikasikika kibarazani. Ndio hao. Zita alizima jiko, akasimama katikati ya sebule amekunjua mikono, wampitie yeye kwanza.

Aliyeingia alikuwa Kwizera.

"Mama," alisema, "yule mzee amejitoa. Nimebaki peke yangu."

Zita alipiga magoti akalia kwa sauti, bila haya. Alikuwa amepokelewa! Mtu mkubwa kama yule, mwenye mbwa na ghorofa, alikuwa ameusikia uchungu wa mzazi.

"Ni mtu mwema, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemdhania vibaya. Ni mtu mwema sana."

Kwizera alikuwa akifunga komeo la mlango. Kisha akashusha mapazia, moja baada ya jingine.

"Amekimbia mji na mkewe, mama. Kuna mtu aliyekuwa akimvizia nyumbani, alitaka kumuua, na polisi walionileta wanasema anayefuata ni mimi."