Mzee wa Mlangoni

Fundi aliizungushia karatasi yake mkono kama mtoto anayeficha jibu la mtihani. Nyuma ya bega lake alikaa muuguzi, mwanafunzi mwenzake, na muuguzi huyo, Fundi angeapa, alikuwa anamwibia kazi kwa macho.

Wiki ya nane hiyo ya darasa la uchoraji walikuwa wanajifunza rangi za maji. Mwalimu alitundika ukutani picha moja ya kale, ndani ya fremu yenye kioo: chumba cha washonaji, kimejaa pomoni. Wanawake wamebanana mezani, msichana ana pini mdomoni, mwanamume anapiga pasi ya mkaa, vitambaa vimetapakaa kila mahali. Kazi yao ilikuwa kuinakili vilevile ilivyo. Mmoja tu ndiye angepandishwa darasa la juu, na Fundi alikwishamtangazia mkewe kuwa nafasi hiyo ni yake. Miaka arobaini kwenye cherehani, nani amfundishe chumba cha washonaji?

Lakini karatasi ya muuguzi ilifanana na yake mkunjo kwa mkunjo. Ilimchoma roho.

"Dada, picha iko ukutani," alimwambia siku moja. "Mgongoni kwangu hamna picha."

"Mgongo wako ndio unaonizibia, Fundi," muuguzi alijibu bila kuinua uso.

Ndipo akaamua kumtegea. Kwenye picha ile alikuwepo mtu mmoja aliyemchukia tangu siku ya kwanza: mzee aliyeketi katika giza la mlango, amekunja ndita, hashoni, hakunji kitambaa, kazi yake kumkodolea macho tu. Tena alikuwa msumbufu kumchora. Siku za mawingu alififia kabisa. Fundi akamruka. Mahali pake akapaka weusi mtupu, akangoja kwenye kiti chake cha dirishani.

Siku ya kuonyesha kazi ikafika, jua likiwaka kwelikweli. Muuguzi aliponyanyua karatasi yake, Fundi aligeuka akatazama mlangoni kwanza. Weusi mtupu. Alifurahi mpaka akasahau maumivu ya kiuno.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "huyu dada ameniiga mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimemwacha mzee makusudi, naye hana mzee. Mfukuze."

Muuguzi aliiweka karatasi yake mezani. "Nimechora ninachokiona."

"Mzee yupi, Fundi?" mwalimu aliuliza.

"Wa mlangoni. Usimtetee."

Mwalimu alipita meza kwa meza, akazikagua karatasi zote tisa. Hakuna hata moja iliyokuwa na mzee. Wanafunzi wakaanza kutazamana. Fundi naye alizitazama zile karatasi, damu ikamchemka. Kumbe si muuguzi peke yake, darasa zima lilikuwa linamwibia.

"Wezi watupu nyie," alisema. "Mzee si yule pale, ananitazama? Au hamna macho?"

Akakisukuma kiti nyuma, akasimama, akanyoosha kidole ukutani.

Mle mlangoni, ndani ya picha, yule mzee naye akasimama, akamnyooshea kidole yeye.