Saa Tatu Kila Mtu Kitandani

Masele aliibeba televisheni kifuani, akavuka uzio wa minyaa na kumkabidhi jirani yake, Chenge.

"Imeharibika?" Chenge aliuliza.

"Nzima kabisa. Kaa nayo mpaka binti yangu amalize mtihani."

Binti mwenyewe ni Ng'washi, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa kidato cha nne. Wiki hiyo alirudi kutoka shuleni analia. Kwenye moko, mtihani wa majaribio, wa hisabati alilala juu ya karatasi, akaja kuamshwa na msimamizi wakati wa kukusanya. Alikuwa amekesha siku nyingi akisoma, tumboni hana kitu ila chipsi na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Daktari wa kituo cha afya huko Kiseke alimpima, hakuona ugonjwa. "Huyu ana njaa na usingizi," alisema. "Ale chakula cha maana, alale mapema, asubuhi atembee. Kichwa kitashika chenyewe."

Masele aliyachukua maneno hayo kama amri ya jeshi. Mtoto hawezi kulala mapema kwenye nyumba inayokesha, alisema, kwa hiyo saa tatu taa zote zinazimwa na simu zote zinafungiwa kabatini. Soda marufuku. Jioni ni samaki sato wa kuchemsha, mchicha na viazi vitamu. Asubuhi baba na binti wanashuka hadi ziwani kwa miguu na kurudi.

Aliyepata taabu zaidi ni yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi, akishafunga duka lake la vipuri Mkuyuni, alikuwa hafiki nyumbani bila kupitia baa kutazama mpira, na alimkuta mkewe ameshalala. Sasa giza lilimkuta sebuleni, amenawa mikono, anasubiri chakula.

"Baba Yeremia," mkewe Tereza alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "miaka yote hii nakuomba urudi mapema. Kumbe ilitakiwa mtoto asinzie kwenye hesabu!"

"Cheka tu," Masele alijibu. "Zima taa."

Mambo yakaanza kuonekana. Macho ya Ng'washi, yaliyokuwa mekundu, yakatakata. Kanuni alizokuwa akizikariri usiku kucha bila mafanikio, sasa zilimwingia asubuhi kabla hata uji haujapoa. Masele naye kitambi kikapungua, akaanza kuimba bafuni. Chenge akamtania kwamba anafanana na bwana harusi.

Tereza peke yake ndiye aliyekwenda kinyume. Mtihani ulipokaribia, harufu ya sato ikawa inamtoa jikoni mbio. Mchana alisinzia kitini, na siku moja alilia machozi kabisa kwa sababu nyanya zimeungua.

"Unaubeba mtihani wa mtoto," Masele alimwambia. "Itakuwa presha hiyo."

"Mama, mimi siogopi tena," Ng'washi alisema akimshika bega. "Wewe unaogopa nini?"

"Hata sijui, mwanangu."

Siku ya hisabati Ng'washi aliandika mpaka muda ukaisha, akatoka anacheka. Hakuna swali alilolikimbia, na hakupiga hata mwayo. Alipomaliza karatasi ya mwisho, Masele aliona sasa ni zamu ya mkewe. Akampeleka kwa daktari yuleyule.

"Tumefuata kila ulichosema," alijigamba wakati vipimo vikisubiriwa. "Binti amekuwa mtu mwingine. Sasa shida ni huyu mama yake, wasiwasi umemmaliza."

"Na nyinyi wazazi mlikuwa mnalala saa tatu?"

"Saa tatu kamili, daktari! Hakuna televisheni, hakuna simu, hakuna baa. Nyumba nzima!"

Daktari aliinamisha uso kwenye meza, mabega yakimtikisika. Majibu yalipoletwa, alijikaza, akawasomea.

Walirudi nyumbani. Ng'washi aliwapokea mlangoni, uso umemsawijika.

"Baba, mama anaumwa nini? Mtihani si umeisha?"

Masele alimtazama mkewe. Tereza alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, hajulikani kama analia au anacheka.

"Mama yako haumwi," Masele alisema, akakohoa kidogo. "Ila wewe si kitinda mimba tena."