Mtoto Aliyefungwa Gazeti

Shujaa alipokata roho, banda zima lilicheka.

Magdaline akazima video kwa hasira. Banda la video lilikuwa lake, hapo Sotik nyuma ya soko. Dijei aliyetafsiri katuni za Kijapani kwa maikrofoni alikuwa Phelix, ambaye hakujua Kijapani hata cha kuombea maji. Alitazama midomo ikichezacheza, akaijaza upuuzi wake. Leo shujaa alikufa akimkumbusha mkewe kukamua ng'ombe.

"Sasa hiyo ni nini?" Magdaline aliuliza wateja walipotoka. "Mtu anakufa, wewe unaleta ng'ombe?"

"Mathee, watu wamechuna majani chai wiki nzima. Wanataka kucheka."

"Na kulia hawajui? Debe tupu wewe. Jumapili ukichekesha watu mahali pa kulia, utatafuta kazi kwingine."

Magdaline alikuwa bingwa wa dharau. Aliwadharau waliochekesha na waliocheka. Tangu amfukuze bintiye, Wakonyo, kwa sababu ya mimba, hata kanisani alikaa kiti cha mbele, asije akaona nani anamcheka.

Jumapili, baada ya ibada, banda likajaa. Kwenye skrini, msichana mwenye macho makubwa kama sahani alisimama mlangoni kwa mwanamke mnene, amekumbatia furushi la gazeti. Mwanamke alifoka hadi mdomo ukameza uso wote. Vijana wakajiweka tayari kucheka.

Lakini Phelix alishusha sauti.

"Mama, najua nilikuaibisha," msichana akasema. "Lakini huyu hajakukosea. Ana masikio yako. Mshike kwanza, halafu kama ni kunifukuza, unifukuze tena."

"Kwani mtoto amefungwa gazeti?" Kipsang, mchuuzi wa maziwa, aliuliza kutoka nyuma.

"Kwao kuna baridi," Phelix akajibu, na hakuongeza mzaha.

Wanawake walijifuta macho kwa vidole vilivyoingia weusi wa majani chai. Kipsang naye akavuta kofia usoni. Magdaline alilia waziwazi, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamtazama.

Kabla furushi halijafunguliwa, Phelix alizima video.

Watu walipokwisha kutoka, Magdaline alimfuata, macho mekundu, ubishi bado haujamwisha.

"Leo angalau umefanya kazi. Umeona? Hadithi ya maana haitaki huo ujinga wako." Alipenga kamasi. "Sasa huyo mama alimpokea?"

"Sijui."

"Katuni ni yako na hujui?"

Phelix alikunja waya wa maikrofoni polepole.

"Kwa katuni, hiyo ya gazeti ni samaki tu, mathee. Maneno ndiyo ya Wakonyo. Ako hapo nje na mtoto, anangoja jibu."