Mkate kwa Lugha ya Vitabuni

Wiki yake ya kwanza ugenini, Bi Mize aliingia duka la mikate. Lugha ya huko aliijua tangu utotoni, ila kwa kusoma riwaya kuukuu tu; hakuwahi kuisikia ikisemwa. Akajikohoza, akatamka:

"Ewe bwana mwema, niruzuku mkate mmoja, nami nitakushukuru hadi kaburini."

Foleni nzima ikageuka. Bi Mize akajua ameboronga, akaanza kurudi kinyumenyume.

Mwoka mikate, mzee mwenye unga hadi kwenye nyusi, akafuta mikono haraka, akainama kama aliye mbele ya malkia. "Bibie mtukufu, usituache! Waupenda wa ngano ama wa shayiri?"

Bi Mize alicheka hadi machozi. Nyuma yake, dereva wa lori aliyefuata kwenye foleni akavua kofia, akajikohoza, akaanza kupanga maneno.